Aina Sita za Neva ya Siatiki: Uhakiki wa Uainishaji wa Beaton na Anson na Umuhimu Unaodaiwa Kuwa nao katika Tiba

1.0 Utangulizi

Maandiko mengi ya kitaaluma yanayohusu neva ya siatiki huanza na kumalizika kwa namna moja. Mwanzoni huelezwa kwamba neva hiyo ndiyo nene kuliko zote mwilini, na mwishoni hudaiwa kwamba tofauti zake za kimaumbile zina umuhimu mkubwa katika tiba. Katikati huwekwa majedwali ya asilimia, nayo hupangwa, mara nyingi bila sababu kuulizwa, kwa mujibu wa aina sita zilizopendekezwa na Beaton na Anson mwaka 1937. Makala haya yanahakiki namna watafiti wanavyovuka kutoka kwenye jedwali hadi kwenye dai. Hoja inayotetewa ni kwamba uainishaji huo ulitungwa ili kujibu swali dogo, ukalijibu vyema, kisha ukabebeshwa maswali ambayo haukuumbwa kuyajibu. Aidha, tofauti ya kimaumbile inayomgusa mgonjwa kwa uwazi zaidi ni ile ambayo aina hizo sita haziitaji kabisa.

Umbile la kawaida linaweza kuelezwa kwa ufupi. Neva ya siatiki hutokana na mizizi ya neva za uti wa mgongo kuanzia ya nne ya kiuno (L4) hadi ya tatu ya sakramu (S3). Hutoka nyonga kupitia tundu kubwa la siatiki, ikipita chini ya msuli wa pirifomisi, yaani msuli mdogo wenye umbo la pea unaoanzia kwenye sakramu na kujishikiza sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Hushuka nyuma ya paja na, kwa watu wengi, hugawanyika karibu na kishimo cha nyuma ya goti. Tawi moja, neva ya tibia, huelekea kwenye shavu la mguu na wayo. Jingine, neva ya fibula, huzunguka shingo ya mfupa wa fibula na kuiendesha misuli inayoinua unyayo na vidole. Tawi hili la pili ndilo huathirika mara nyingi zaidi neva ya siatiki inapojeruhiwa, na mgonjwa hubaki akiburura unyayo.

2.0 Uainishaji wa mlango

Beaton na Anson walijiuliza swali moja: neva ya siatiki, au matawi yake, hupita wapi ikilinganishwa na msuli wa pirifomisi? Katika aina ya kwanza, neva nzima hupita chini ya msuli mzima. Katika ya pili, neva imekwisha kugawanyika, neva ya fibula ikiupenya msuli na ya tibia ikipita chini. Katika ya tatu, tawi moja hupita juu ya msuli na jingine chini. Katika ya nne, neva nzima huupenya msuli. Ya tano ni ya tawi moja kupenya na jingine kupita juu, na ya sita ni ya neva nzima kupita juu. Aina mbili za mwisho hazikuwa zimeonekana katika maiti walizozichunguza. Ziliwekwa kwa sababu mantiki iliziruhusu, na mtafiti anayezinakili leo kana kwamba zote sita zilitokana na kisu cha upasuaji huwa ameisoma kazi hiyo kupitia kazi za wengine.

Uainishaji huo una uzuri wake. Ni mfupi, unakumbukika, na umewawezesha watafiti wa mabara mbalimbali kuzungumza lugha moja kwa zaidi ya miaka themanini. Hata hivyo, kinachoainishwa ni mlango ambamo neva hutokea. Neva iliyotoka nzima chini ya msuli na kugawanyika sentimita chache tu baadaye huhesabiwa katika aina ya kwanza, sawa kabisa na neva iliyoshuka ikiwa nzima hadi gotini. Kwa msomaji wa jedwali, neva hizo mbili ni kitu kimoja na zote ni “za kawaida”. Kwa mtaalamu wa ganzi anayetafuta neva nyuma ya paja, hazifanani hata kidogo.

Kuna pengo jingine, nalo ni la kimantiki. Neva iliyogawanyika ndani ya nyonga, ambayo matawi yake yote mawili hutoka chini ya msuli, haina nafasi miongoni mwa aina sita. Umbile hilo limeripotiwa na watafiti kadhaa waliofuata. Baadhi yao walilifungulia aina mpya, wengine wakalitumbukiza katika aina ya kwanza kwa hoja kwamba msuli haukupenywa. Matokeo yake ni kwamba asilimia ya “kawaida” katika tafiti mbili yaweza kutofautiana ilhali miili haitofautiani. Mtahini anayesoma jedwali la kulinganisha nchi kumi anapaswa kwanza kuuliza kila safu ililiweka wapi umbile hilo.

3.0 Kitenzi “kugawanyika”

Lugha yenyewe imechangia kuficha jambo. Husemwa kwamba neva “hugawanyika mapema” au “hugawanyika juu”, kana kwamba kuna shina moja linalopasuliwa. Elimu ya ukuaji wa kiinitete inaonyesha vinginevyo. Neva ya tibia hutokana na migawanyo ya mbele ya mizizi ya neva, na neva ya fibula hutokana na migawanyo ya nyuma. Ni neva mbili tangu asili, zikisafiri ndani ya ala moja ya tishu unganishi, na hata pale zinapoonekana kuwa kitu kimoja mpasuaji makini huweza kuzitenganisha kwa umbali mrefu. Kinachotofautiana baina ya mtu na mtu, basi, ni mahali ambapo neva hizo huachana kwa macho.

Kwa mtazamo huu, neva ya fibula inayoupenya msuli wa pirifomisi si tawi lililopotea njia. Ni neva iliyokuwa na asili yake ya nyuma, ambayo msuli uliokuwa ukiumbika uliikuta ikiwa bado haijakumbatiana na mwenziwe. Ndiyo maana katika aina ya pili, inayoongoza kwa wingi miongoni mwa maumbile yasiyo ya kawaida, ni neva ya fibula inayopenya na ya tibia inayopita chini, na mpangilio wa kinyume ni nadra sana. Tasnifu inayoorodhesha aina bila kueleza kwa nini mojawapo inazizidi nyingine zote imeishia kwenye kuhesabu.

Katika maandiko ya Kiswahili linajitokeza tatizo la istilahi linalostahili neno moja la pembeni. “Mshipa” hutumika kwa neva, kwa chombo cha damu, kwa kano, na katika matumizi ya kawaida hata kwa ugonjwa wa kuvimba korodani. Nyongeza ya “wa fahamu” husaidia kwa kiasi, lakini mgonjwa anayeambiwa kabla ya upasuaji wa nyonga kwamba “mshipa unaweza kuguswa” ana kila sababu ya kufikiria damu badala ya unyayo usioinuka. Neno “neva” limekwisha kuzoeleka kiasi cha kutosha. Watafiti wangelitumia kwa uthabiti tangu fomu ya ridhaa hadi hitimisho.

4.0 Hesabu za Nairobi na tahadhari zake

Kwa Afrika Mashariki, kazi inayonukuliwa zaidi ni ya Ogeng’o na wenzake (2011), iliyotokana na upasuaji wa viungo 164 vya chini kutoka maiti 82 za Wakenya watu wazima. Waligundua kwamba neva ilikuwa imegawanyika ndani ya nyonga katika viungo 33, sawa na asilimia 20.1. Katika viungo 110 iligawanyika kwenye kishimo cha nyuma ya goti, na katika vilivyosalia iligawanyika kati ya sehemu hizo mbili. Sifa kubwa ya kazi hiyo ni kwamba haikuishia mlangoni. Iliifuata neva hadi mahali ilipoachana, na kwa hiyo inafaa kwa maswali ambayo majedwali ya aina sita hayawezi kuyajibu.

Tatizo limo katika namna kazi hiyo inavyotumiwa na wanaoinukuu. Asilimia 20.1 huwekwa kando ya takriban asilimia 10 ya Beaton na Anson, kisha huhitimishwa kwamba Waafrika wana tofauti nyingi zaidi. Hitimisho hilo lina udhaifu wa aina tatu. Kwanza, vitu vinavyolinganishwa si vimoja: upande mmoja umehesabu mgawanyiko ndani ya nyonga, upande mwingine umehesabu uhusiano wa neva na msuli. Pili, kwa uwiano wa 33 kati ya 164, kosa la kawaida la sampuli huuweka ukweli popote baina ya takriban asilimia 14 na 26. Wigo huo unaimeza kwa raha asilimia 16.9 iliyopatikana katika mapitio ya Smoll (2010) yaliyojumlisha maiti zaidi ya 6,000 za tafiti mbalimbali, pamoja na asilimia 14.8 iliyobaki baada ya umbile la kawaida katika uchanganuzi wa Tomaszewski na wenzake (2016) wa viungo 7,068. Tatu, mguu wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja si ushahidi wa watu wawili. Maiti 82 zinapogeuzwa kuwa viungo 164, ukubwa wa sampuli huonekana umeongezeka maradufu ilhali habari iliyomo haijaongezeka kwa kiasi hicho, na wigo halisi wa makosa huwa mpana zaidi ya uliotajwa. Dosari hii ya tatu imeenea katika taaluma nzima na haipaswi kuhesabiwa kuwa ya Nairobi peke yake.

Juu ya hayo, maiti zinazofika katika idara ya anatomia hazikuchaguliwa ili kuwakilisha taifa. Zinatoa habari ya kweli kuhusu miili hiyo na dokezo kuhusu mingine. Kuzigeuza kuwa sifa ya “jamii” au ya rangi ni kuzidai zaidi ya zilivyo nacho.

5.0 Ugonjwa uliotafutiwa umbile

Dai linalorudiwa kuliko yote ni kwamba neva inayoupenya msuli wa pirifomisi hubanwa na msuli huo na kusababisha maumivu ya kalio yanayoshuka mguuni. Historia ya dai hilo inaeleza mengi. Yeoman mwaka 1928 aliyahusisha maumivu ya siatiki na kiungo cha sakramu pamoja na msuli huu. Freiberg na Vinke walilifuatilia wazo hilo mwaka 1934. Mwaka huohuo, Mixter na Barr walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba diski ya uti wa mgongo iliyopasuka huweza kuibana mizizi ya neva, na tangu hapo maelezo ya sehemu kubwa ya maumivu ya siatiki yakahamia mgongoni. Beaton na Anson, katika makala yao ya 1938, waliendelea kuuona uhusiano wa neva na msuli kuwa sababu inayowezekana, na waliyoyataja katika kichwa cha makala hayo ni maumivu ya kifandugu. Robinson aliupa ugonjwa jina la msuli mwaka 1947. Kwa hiyo tofauti ya kimaumbile ilitolewa kwanza kama uwezekano. Kurudiwarudiwa katika vitabu ndiko kulikoigeuza kuwa sababu.

Uwezekano huo unaweza kupimwa. Iwapo umbile lisilo la kawaida ndilo linaloleta ugonjwa, basi lingeonekana kwa wingi zaidi miongoni mwa wagonjwa waliopasuliwa kwa ajili ya ugonjwa huo kuliko miongoni mwa maiti ambazo hazikuchaguliwa kwa sababu ya maumivu. Smoll aliufanya ulinganisho huo. Katika maiti alipata asilimia 16.9, na katika wagonjwa 130 waliopasuliwa asilimia 16.2. Tofauti hiyo ni ndogo mno na haina uzito wa kitakwimu, tena imeelekea upande ulio kinyume na dai. Uchunguzi wa picha za MRI za nyonga uliofanywa na Bartret na wenzake (2018) kwa watu walio hai nao haukukuta uhusiano kati ya umbile la neva na kuwapo kwa ugonjwa.

Ipo njia ya haki ya kulitetea dai la zamani. Wagonjwa 130 ni wachache, na madaktari wa upasuaji hawakuwa wote wakitafuta umbile kwa uangalifu uleule. Wigo wa makosa kwa idadi hiyo unaruhusu ongezeko dogo lililofichika. Vilevile, takwimu za kundi hazikanushi kwamba mgonjwa fulani, mwenye neva iliyobanwa ndani ya msuli uliokakamaa, anaumia kwa sababu hiyohiyo. Lakini utetezi huu unalinda uwezekano tu. Hauruhusu sentensi inayosomeka katika sura za mwisho za tasnifu nyingi, kwamba tofauti za neva ya siatiki “husababisha” ugonjwa wa pirifomisi. Gharama ya sentensi hiyo hubebwa na mgonjwa anayekatwa msuli wa kalio huku diski yake ikiendelea kuumiza, na anayepigwa picha ya nyonga, akakutwa na aina ya pili, kisha akabandikwa sababu ambayo karibu mtu mmoja kati ya sita anatembea nayo bila kujua.

6.0 Sindano ya kalio

Dai la pili ni la kieneo zaidi na lina uchungu zaidi. Nchini Uganda, Naddumba na Ndoboli (1999) waliandika kuhusu watoto waliopooza mguu baada ya kuchomwa sindano za kwinini kwenye kalio. Mtoto hupelekwa kituo cha afya akiwa na homa, huchomwa, homa hushuka, kisha mzazi huona mguu mmoja haukanyagi sawasawa. Mara nyingi homa yenyewe ndiyo hulaumiwa. Katika ufuatiliaji wa polio, jeraha la neva litokanalo na sindano ni miongoni mwa hali zinazopaswa kutofautishwa na upoozaji wa virusi, nao mtindo wake ni huu: mguu mmoja, upande uliochomwa, mapema baada ya sindano.

Waandishi wa anatomia huvutiwa kuhusisha majeraha haya na tofauti za kimaumbile, na hapo ndipo uhakiki unapaswa kuwa mkali. Neva iliyo mahali pake pa kawaida kabisa inatosha kujeruhiwa. Kalio la mtoto mdogo, hasa aliyedhoofika, lina nyama kidogo. Sindano ikiingia robo ya chini au ya ndani humkuta mwenyeji wake. Kwinini huchoma tishu, na hata ikimwagwa jirani na neva bila kuichoma huweza kuidhuru. Robo ya juu na ya nje iko mbali na neva, iwe inatoka juu ya msuli, chini yake au katikati yake. Kuyaeleza majeraha hayo kwa aina ya pili au ya tatu ni kumpa mchomaji udhuru wa kimaumbile kwa kosa la mahali, na kuuondoa mjadala mahali unapostahili kuwa: mafunzo ya wauguzi na wauza dawa, uteuzi wa paja la mbele kwa watoto, au upande wa nyonga aliouelekeza von Hochstetter katika miaka ya 1950. Baada ya jaribio la AQUAMAT la mwaka 2010, lililofanyika katika nchi za Afrika zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Badiliko hilo liliiondoa dawa iliyodhuru zaidi, lakini sindano za kalioni zimebaki, kwa malaria na kwa maradhi mengine.

7.0 Ganzi na kipimo kinachokosekana

Umuhimu wa tofauti hizi katika tiba unathibitika kwa uwazi zaidi kwenye ganzi ya neva nyuma ya goti, inayotumika kwa upasuaji wa kifundo na unyayo. Hapa kinachoamua ni kimo cha kuachana kwa neva mbili. Vloka na wenzake (2001) walipima miguu 28 ya maiti, wakaona neva huachana kwa wastani wa milimita 60.5 juu ya mkunjo wa nyuma ya goti, huku vipimo vikianzia sifuri hadi milimita 115. Mtaalamu anayechoma chini ya mahali pa kuachana anaweza kuipata neva ya tibia na kuikosa ya fibula. Wayo hufa ganzi, lakini juu ya unyayo na upande wa nje wa muundi hubaki hai chini ya kisu. Ultrasaundi huiondoa hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa matawi huonekana na sindano huelekezwa ndani ya ala yao ya pamoja. Palipo na hospitali isiyokuwa na kifaa hicho, elimu ya kimo ndiyo tegemeo.

Takwimu za Nairobi zina uzito hapa kuliko popote pengine, na ni ajabu kwamba hunukuliwa zaidi kwa ajili ya msuli wa pirifomisi. Viungo 54 kati ya 164, karibu theluthi moja, vilikuwa na neva iliyoachana juu ya kishimo cha nyuma ya goti. Kwa watu wa namna hiyo, anayetegemea alama za ngozi akitarajia shina moja atakuta neva mbili, wakati mwingine zikiwa zimeachana tangu nyonga. Ila mahali pa kuachana pameripotiwa kwa majina ya maeneo, kama vile nyonga na kishimo cha goti, na sindano haisomi majina ya maeneo. Mtaalamu wa ganzi huanza kwenye mkunjo wa goti na kupanda kwa milimita. Kipimo cha Vloka kingechukuliwa katika meza zilezile za upasuaji wa maiti, pamoja na urefu wa paja ili kimo kiweze kulinganishwa kati ya mrefu na mfupi, na upande wa kulia na kushoto wa kila mwili ukiandikwa katika mstari mmoja, viungo hivyohivyo 164 vingekuwa vimemwambia mtaalamu huyo aanzie wapi.